Kelele Haipotei: Mhadhara wa Wazi Uliotolewa Walukuba, Jinja

Bwana Mwenyekiti wa baraza letu la mtaa, LC Moja. Wazee wetu mliowahi kivuli. Akina mama mliokuja na viti vyenu kwa kuwa mnazijua shughuli za hapa. Vijana wa bodaboda mliozima injini na kuacha redio ikiendelea. Na ninyi watoto, ambao hamkualikwa na ndio pekee mliofika kwa wakati: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na yeyote asiyeguswa na salamu hizo, habari za mchana.

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ule unaowalazimu watu wakubwa. Mimi ni Mtaalamu Mkuu wa Kelele za Watoto, Kanda ya Mashariki, kuanzia daraja la Nile hapa Jinja hadi miteremko ya mlima Masaba kule Mbale. Cheo hiki sikupewa na chuo kikuu. Niliandika maombi, nikayapokea, nikayasoma kwa makini, nikaridhika kwamba mwombaji hana mshindani, nikamteua. Chuo kikuu kingechukua miaka minne, pamoja na nusu ya shamba la urithi, kufikia uamuzi uleule.

Kabla ya kiini cha somo niguse nchi za mbali kidogo, maana mtaalamu asiyetaja nchi za mbali hupewa soda moja tu, tena ya moto. Kule Hong Kong, wasemao Kikantoni huwaita watoto wao kwa utani fa gwat lung, yaani joka linaloyeyusha mifupa. Wanachomaanisha ni kwamba mtoto humla mzazi pole pole, leo ada, kesho viatu, mpaka aufikie uboho. Ni jina zuri na nawapongeza. Lakini oneni walivyopotea njia: wametazama mifupa, wakasahau masikio! Mifupa ya mzazi wa Jinja haina shida, imelelewa kwa mukene, dagaa wa ziwani. Kinachoyeyuka ni sikio. Walipoishia wao ndipo ninapoanzia mimi.

Kanuni yangu ni hii, na wenye kalamu waandike taratibu: kelele haizaliwi wala haifi, huhama tu. Wanafizikia walisema maneno kama hayo kuhusu nishati na dunia ikawapigia makofi. Mimi nimepewa kiti chenye mguu mfupi. Sinung'uniki. Nimeweka jiwe, na mawe Jinja hayajawahi kuadimika.

Wewe mwenye fulana nyekundu, shuka kwenye pikipiki ya watu.

Tuanze na maji. Tarehe 28 Julai 1862, Mwingereza John Hanning Speke alifika mahali mto unapotoka ziwani, akakuta maji yakiporomoka juu ya mawe kwa ngurumo, akayapa jina la Ripon, mkubwa mmoja wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia aliyekuwa amekaa zake London. Wenyeji wa kingo zote mbili walikuwa wakiisikia ngurumo hiyo tangu mababu, usiku na mchana, bila kumhitaji Ripon. Ikaja Aprili 1954. Malkia Elizabeth wa Pili akalizindua bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, na maporomoko ya Ripon yakazama. Nendeni leo pale kwenye chanzo cha Nile. Mtakuta viwimbi viwili vitatu, kibao cha kupigia picha, na mtu wa mtumbwi anayewaonyesha kwa kidole mahali ambapo hapana kitu.

Sasa mimi nauliza swali ambalo wahandisi hawakujiuliza: ngurumo ile ilikwenda wapi? Karne kwa karne maji yalinguruma, halafu asubuhi moja, kimya. Kitu kikubwa namna ile hakiyeyuki. Naam, katika miaka hiyohiyo umeme wa bwawa ulileta viwanda, kiwanda cha nguo na kile cha kuyeyushia shaba iliyotoka migodi ya Kilembe. Viwanda vikaleta wafanyakazi. Wafanyakazi wakajengewa nyumba hapa hapa Walukuba. Na nyumba zikajaa watoto. Msiangaliane. Jibu limekaa mbele yenu, limeshika muwa, na limeanza kumpiga mwenzake nao.

Mwenye shaka akatazame Bujagali, kwenye mto huohuo. Zamani vijana wa pale walikuwa wakikumbatia jerikeni tupu, ile ya njano ya lita 20, na kujitupa nayo kwenye maporomoko mbele ya watalii, wakaibukia chini wakicheka na kudai chao. Mwaka 2012 bwawa la Bujagali, megawati 250, likakamilika, na maporomoko yakawa yamekwisha kuzama. Kabla ya hapo yalifanyika matambiko ili mizimu ya Bujagali ikubali kuhama. Utaratibu mzuri. Ila hakuna aliyeuliza kelele nazo zingehamishiwa wapi. Mimi ninayepita barabara hiyo nitawaambia: zilipanda ukingoni, zikagawanyika miongoni mwa watoto, na sasa kila gari la watalii likipita zinatoka kwa pamoja, "Mzungu, bai! Mzungu, bai!", kuanzia lilipochomoza gari hadi vumbi litulie, na mara nyingine baada ya vumbi kutulia, endapo atakuja mwingine. Mwaka 2019 likafuata bwawa la Isimba, megawati 183. Nawaambia wakunga wa mkoa huu: mkisikia serikali imetia saini ya bwawa jipya, agizeni pamba mapema.

Kila mtaalamu lazima awe na mpinzani, la sivyo watu watadhani ni mwalimu tu. Wangu ni yule fundi redio aliyeegemea mwembe kule nyuma, anayetikisa kichwa tangu nimeanza. Yeye hudai kwamba maji yakipita kwenye mitambo hugeuka umeme, basi, hakuna kelele inayokwenda kokote. Ahsante, ndugu fundi. Umenisaidia kufunga kesi.

Fikirieni jioni umeme umekatika. Walukuba giza. Mama anapapasa kibiriti juu ya kabati, baba anauliza kibiriti kiliwekwa wapi kana kwamba hajawahi kuishi katika nyumba hiyo, watoto wametulia kimya mkekani, mmoja tayari anakoroma. Saa zinapita. Kisha, bila taarifa, umeme unarudi. Kitu gani kinasikika kwanza? Friji? Redio ya fundi? La hasha! Mabwana na mabibi, kabla balbu haijamaliza kupepesa linatoka yowe moja, "Eeeeee!", kutoka makoo ya watoto wote wa mtaa kwa mpigo, linaruka nguzo hadi nguzo, Walukuba linapokelewa na Masese, Masese linasikika Mpumudde, na Bugembe nako wanamalizia mkia wake. Hata yule aliyekuwa akikoroma amesimama, mikono juu, macho yamefumbwa. Taa hiyo haimsaidii chochote, maana alitakiwa kuwa amelala. Sasa anashangilia nini? Hashangilii. Ni mfereji tu. Ile ni Ripon yenyewe, iliyozamishwa 1954, imefika nyumbani kwako kwa waya.

Fundi amekaa chini. Iandikwe kwenye kumbukumbu.

Hiyo ndiyo aina ya kwanza, nami nimeiita kelele ya maji. Sifa yake ni kwamba haina nukta. Mtoto wa Jinja akitumwa bombani hupiga jerikeni tupu kama ngoma njia nzima. Akirudi imejaa, hulalamika njia nzima. Akiitua, humshtaki mdogo wake kwamba hakumsaidia kuitua. Na mdogo hujibu kabla mashtaka hayajaisha. Hakuna mahali pa mama kuingiza neno. Akina mama wa hapa wamezoea kupaza sauti juu yake, kama vile wavuvi wafanyavyo juu ya injini ya mashua, na ndiyo sababu mwanamke wa Walukuba akikuamkia kwa upendo unadhani umemkosea.

Nikaenda Mbale. Asiyesafiri si mtaalamu, ni jirani tu. Jinja na Mbale zilipandishwa kuwa majiji siku moja, tarehe 1 Julai 2020, na tangu hapo kila moja linataka kumpita mwenzake, hivyo nilitarajia ushindani wa haki. Lakini nakiri njiani nilijaa raha ya msomi, maana nilikuwa nimeshapiga hesabu. Mbale hakuna bwawa kubwa. Mvua zikinyesha, maji ya jabali la Wanale yanaonekana kutoka mjini yakishuka kama kawaida, na hakuna aliyeyanyamazisha. Kwa kanuni yangu, watoto wa Mbale walipaswa kunong'ona.

Niliteremka kwenye taksi jirani na Namatala. Siyasemi yote yaliyonikuta. Kuna watu wana shinikizo la damu hapa. Mwanasayansi wa kawaida angechana daftari lake papo hapo. Mimi niliinua macho, nikauona mlima.

Masaba, ambao ramani huuita Elgon, ni volkano. Kileleni kuna shimo kubwa la volkano lenye upana wa kilomita zipatazo nane. Hebu pigeni picha ya kelele zilizotoka katika mdomo wa namna hiyo! Na leo? Kimya, kwa mamilioni ya miaka. Hapo miguu yangu ikapata nguvu. Jinja ni maji yaliyonyamazishwa, Mbale ni moto uliozimika. Kanuni haikuvunjika, ilipanuka.

Na kelele ya moto ina tabia yake. Haitiririki, hulipuka. Mtoto wa Mbale anaweza kunyamaza kwa muda ambao ungemtisha mama wa Jinja hadi akimbilie zahanati. Niliwatazama kumi hivi wakicheza kwepena kwenye uwanja wa vumbi: mpira wa majani makavu ya mgomba, uliokazwa kwa kamba, wawili wa kurusha, mmoja katikati anakwepa. Hakuna anayesema. Macho tu. Mpira ukaruka, ukampata wa katikati begani, yeye akasema haukumgusa. Mheshimiwa Mwenyekiti, kuku waliokuwa ng'ambo ya barabara hawakurudi siku ile. Ndiyo maana kule Mbale mama akisikia nyumba imetulia haendi kulala. Anakwenda kutazama sukari.

Wamasaba wenyewe ni watu wenye hekima na walijua tangu zamani kwamba mlima unahitaji pa kutokea. Katika miaka ya shufwa, kama 2022 na 2024, huja imbalu. Tohara hiyo hufunguliwa Mutoto mwezi Agosti, vijana wanapakwa unga, ngoma za kadodi zinatoka, na mji mzima unatembea kwa mdundo. Nyuma ya kila ngoma kuna watoto ambao umri wao bado, ambao hawakutumwa na mtu, na ambao mama zao wanaamini wamekwenda kuchota maji. Wanaimba, wanaanguka, wanaamka wanaimba, mpaka jua linazama nyuma yao. Niliyaona haya na kuyaandika: mwaka wa shufwa majumbani kuna nafuu, kwa kuwa kelele imepata ajira. Mwaka wa witiri haina kazi, inakaa nyumbani. Mtu mwenye masikio mepesi namshauri mwaka wa witiri ahamie Soroti.

Lakini hapa kuna jambo linalonifanya niiheshimu sana desturi ile, kuzidi hata kanuni yangu, na si desturi yangu kuheshimu kitu kuizidi kanuni yangu. Kijana anapofika mbele ya kisu anatakiwa asimame wima, asipepese, asitoe hata pumzi ya kusikika. Saa hiyo huyo ndiye kiumbe kimya kuliko wote katika Bugisu, nchi ya Wamasaba. Na wanaomzunguka? Wanapaza sauti kiasi kwamba Wanale inawarudishia. Yeye ananyamaza, ukoo mzima unapiga kelele kwa niaba yake. Mhasibu yeyote akitazama vitabu vile atakuta pande zote mbili zimelingana.

Sasa niingie shuleni, na nitakwenda haraka, kwa sababu harufu ya pilau imeshafika na macho yenu nayaona. Mwaka 1997 serikali ilileta elimu ya msingi kwa wote, na wanafunzi wakatoka kama milioni 3 wakazidi milioni 5 ndani ya mwaka mmoja. Sensa ya 2024 ikahesabu watu milioni 45.9 katika Uganda, karibu nusu wakiwa chini ya miaka 18. Nchi ambayo nusu yake ni watoto haiwezi kutawaliwa bila chombo maalumu, na chombo hicho kipo. Ni orodha ya wapiga kelele.

Mnaifahamu. Ukurasa umechanwa katikati ya daftari ili utoke mzima, kichwa chake kimepigiwa mstari mara mbili kwa rula. Mwalimu ametoka. Kiranja amebaki mbele ya darasa na kalamu, naye tangu sekunde hiyo si mtoto tena, ni dola. Jina lako likiandikwa mara ya kwanza ni onyo. Ukilalamika, linawekewa alama pembeni. Ukilalamikia alama, inaongezwa ya pili. Ukitaka kufutwa, kuna njia: nusu ya kabalagala, kile kitumbua cha ndizi, kipande cha muwa, au ahadi ya kumpisha kwenye foleni ya uji. Aliye mkali zaidi hapokei kitu, na huyo ndiye wa kuogopwa, maana ana kumbukumbu. Na mtu anayesikika mpaka ofisi ya mwalimu mkuu wakati wote huo ni nani? Ni kiranja mwenyewe, anapiga meza kwa rula: "Nyamazeni! Nimesema nyamazeni!" Jina lake halimo katika orodha. Nimechunguza orodha nyingi za shule za Jinja na Mbale na katika suala hili viranja wote ni wa chama kimoja.

Halafu ulikuja mtihani mkubwa wa kanuni yangu. Mwezi Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa ajili ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Nchi nyingi zilifunga; iliyofunga kwa muda mrefu kuliko sisi haipo. Viwanja vikaota nyasi. Ile ringi ya gari inayoning'inizwa mtini na kugongwa kwa chuma kuwa kengele ikakaa bila mkono wa mtu. Nani alithibitishwa? Mimi! Kwa kuwa kelele yote ile haikufa. Ilirudi nyumbani siku hiyohiyo jioni, ikavua viatu, ikauliza kuna chakula gani. Baba zangu, mama zangu, ninyi ndio mliokuwa mkiniita usiku mkiniuliza mwalimu wa darasa la tatu analipwa kiasi gani, na nilipowatajia mkakata simu kwa aibu.

Shule zilipofunguliwa nilizunguka na daftari langu kuhakiki. Nilitarajia kiasi kilichotoka ndicho kilichorudi. Hakikurudi chote. Kuna madawati yaliyokuwa ya watoto watatu yakawa ya wawili. Nikafuata nyayo, maana kanuni inasema lazima iwe mahali. Wavulana wengine niliwakuta katika mashamba ya miwa ya hapa Busoga, panga mkononi, na pale hakuna anayepiga kelele, ni panga tu na muwa unapoanguka. Wasichana wengine niliwakuta kwa bibi zao. Nilisikia kilio cha mtoto mchanga, nikakiandika upande wa mapato, kwa kuwa ni kelele mpya. Lakini ya mama yake, ambaye mwaka 2020 nilikuwa na jina lake mara nne katika orodha moja ya kiranja wa Mpumudde, sikuipata. Alinipa kiti. Alinijibu kwa adabu kila nilichouliza.

Mstari huo katika daftari langu uko wazi. Nimewahi kumwonyesha fundi redio, ambaye siku hiyo hakutikisa kichwa. Tuendelee.

Mapendekezo yangu kwa majiji yote mawili. Nchi hii ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2003, zinapima kwa desibeli, na mtu anayetaka kuvuka kiwango anaweza kuomba kibali. Napendekeza kila mtoto azaliwe na kibali chake, kiandikwe katika kadi ileile ya chanjo, na kiwe halali mpaka atakapofikisha umri wa kuona haya. Pili, halmashauri ya Mbale iniajiri katika miaka ya witiri. Tatu, halmashauri ya Jinja iniajiri katika miaka ya shufwa. Nne, fundi redio asiajiriwe popote.

Nilikusudia kupokea maswali, lakini namwona pale mbele binti mmoja wa darasa la nne, sare imefungwa vifungo vyote, ambaye katika mhadhara mzima hakufungua mdomo. Nilimsifu moyoni. Nikadhani anaandika kanuni yangu. Mwanangu, hebu leta karatasi hiyo tuione sote.

Ahaa.

Kichwa kimepigiwa mstari mara mbili. Jina ni moja tu, na pembeni alama zimejaa mpaka zimegeukia nyuma ya karatasi. Fundi, wacha kucheka. Binti, sikukatazi kufanya kazi yako, na kabalagala sina. Ila hapo umeandika jina tupu. Mwanzoni weka "Mtaalamu Mkuu", halafu mkato, halafu "Kanda ya Mashariki", na kama nafasi haitoshi, chana ukurasa mwingine.